Skrubu Sita za Boazi

Foleni ya malori ilikuwa imefika Chapwa siku upepo ulipompokonya Tulinagwe karatasi za forodha mbele ya geti la mpaka wa Tunduma. Dereva mmoja mrefu, shati jeupe limenyooshwa kama la harusi, alichuchumaa mgongo ukiwa wima, akaziokota moja moja.

"Kaka, umemeza mti?"

"Vyuma, dada. Skrubu sita na fito mbili. Niliwekewa Ndola, Zambia, lori lilipopinduka."

"Basi anayekukumbatia anaumia."

"Jaribu kwanza, ulalamike baadaye."

Tulinagwe alicheka mpaka kilemba chake cha njano kikalegea. Dereva huyo aliitwa Boazi. Kwa miezi minane alimpigia simu kila alipopaki.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula nshima na kapenta, ugali na dagaa wa huku. Aliyekosekana ni wewe."

"Mwongo. Umenenepa huko."

Mwezi wa tisa simu zikakoma. Ukaja ujumbe mmoja: Tuli, usinisubiri. Ofisini kwake wakamwambia kuwa Boazi ana mwanamke Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Alilia siku tatu, kisha akapanda gari hadi Iyula, kwa mama yake Boazi, ili amtukane mwanaume huyo ana kwa ana.

Alimkuta Boazi uani ameegemea ukuta, fimbo pembeni.

"Yuko wapi huyo mwanamke?"

"Mwanamke gani? Tuli, mguu wa kushoto unakufa. Nifinye uone, sisikii."

Daktari wa Mbeya alikuwa ameagiza kipimo cha MRI, Boazi akatoroka. Hezron, dereva mwenzake, alikuwa amemwambia kuwa sumaku ya mashine ile ingemng'oa skrubu zote mgongoni.

"Hezron ni daktari?"

"Anachomelea mageti. Anajua vyuma."

Tulinagwe aliuma mdomo asicheke. "Wewe umewekewa chuma gani?"

"Chuma ni chuma."

"Mimi wakala wa forodha, baba. Sijawahi kuvusha mzigo ulioandikwa 'chuma' tu. Karatasi zake ziko wapi?"

"Nilizichoma. Zilinikumbusha ajali."

Hakumgombeza. Alimpigia wakala mwenzake wa Nakonde, naye akaifuatilia hospitali ya Ndola. Siku ya nne picha ya karatasi ya upasuaji ule ikaingia kwenye simu: vyuma vyote ni vya titani.

Mbeya, mtaalamu wa mashine aliisoma mara mbili. "Hii haivutwi na sumaku yetu. Tatizo lake ni picha, inaharibika kuzunguka chuma. Nitarekebisha mipangilio, ila siahidi kila kitu kitaonekana."

Boazi aliingia akiushika mgongo. Alitoka na skrubu zake zote.

Kwenye picha, palipokaa vyuma palikuwa na giza tupu. Lakini juu kidogo ya giza hilo, daktari alionyesha kwa kalamu diski ya uti wa mgongo iliyoubana mshipa wa fahamu. Wangempasua. Huenda mguu ungerudi, huenda nusu tu. Kuendesha lori, ndiyo basi tena.

Nje, Boazi hakumtazama. "Nenda Tunduma, Tuli. Utafute mzima."

"Nilikuambia napenda lori?"

Tulinagwe alimpa fomu ya upasuaji aijaze. Palipoandikwa ndugu wa karibu, Boazi aliandika jina la Tulinagwe. Kwenye uhusiano akaandika: mke.

"Hujaniuliza," Tulinagwe alisema.

"Naogopa jibu."

Alichukua kalamu, akalikata neno lile, akaandika: mchumba.

"Ukitoka, mtume mshenga kwa baba, Vwawa. Siku ya posa uje mwenyewe, kwa miguu au kwa bajaji. Nitakuwa mlangoni."