Upepo wa Daftarini

Kila asubuhi, kabla mtu hajaonja chai, Kobe alipaswa kukaguliwa. Kobe hakuwa mnyama. Lilikuwa gari kuukuu, fupi, lililogeuzwa nyumba: nyuma vitanda vitatu vya kukunja, ubavuni jiko dogo la gesi, juu ya paa tangi la maji, na karibu na mlango kiti kirefu walichokalia wateja wa Mama. Mama alikuwa fundi miwani. Kila likizo ndefu alizunguka miji midogo akiwapima macho watu wanaoishi mbali na hospitali, na familia nzima ilizunguka naye humo humo garini.

Nikisema familia nzima msije mkadhani ni ukoo. Walikuwa watu watatu tu. Kulikuwa na Mama mwenyewe, na mdogo wake wa kiume aliyekuwa dereva, na binti wa Mama wa miaka kumi na miwili. Huyu binti, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, wote walimwita Chiriku. Naye Chiriku alimwita dereva huyo Mjomba.

Kazi za asubuhi zilikuwa zimegawanywa. Mjomba aliangalia oili na maji ya rejeta. Mama alifunga makabati ili lenzi zake zisipasuke njiani. Chiriku alipima upepo wa tairi zote nne kwa geji, kile kipimo cha upepo, akajaza kwa pampu ya mguu palipopungua, kisha akaandika kwenye daftari la gari: mbele hamsini, nyuma sitini. Hizo ndizo namba alizotakiwa kuwa nazo Kobe akiwa amebeba mzigo.

Chiriku aliichukia kazi hiyo kwa moyo wake wote. Unapiga magoti kwenye matope, unafungua vifuniko vya valvu vilivyojaa vumbi, na ukikuta tairi imepungua unaikanyagia pampu mpaka paja linawaka moto. Wiki mbili za kwanza alifanya kama alivyofundishwa. Asubuhi moja mvua ikanyesha. Akajiambia, jana zilikuwa sawa, leo upepo utakuwa umekwenda wapi? Akanakili namba za jana. Hakuna aliyegundua. Kesho yake jua lilikuwa kali, akanakili tena.

Baada ya hapo, jamani, ikawa mazoea. Aliweza kujaza namba za wiki nzima kwa mkupuo mmoja, amejilaza kitandani, tena akibadilisha kalamu, leo ya bluu na kesho nyeusi, ionekane ni kazi ya kila siku. Akili hiyo angeipeleka kwenye hesabu angekuwa wa kwanza darasani.

Mwezi ukapita hivyo. Kobe akaanza kunywa dizeli kuliko kawaida yake. Zamani tangi likijaa lilimaliza wiki. Sasa siku ya sita taa ya mafuta ilikuwa inawaka. Aliyeliona hilo ni Mama, maana kila akijaza tangi alikuwa akisoma kilomita.

"Mafuta yanakwenda wapi?" alimuuliza Mjomba asubuhi moja, amesimama mlangoni mikono kiunoni.

"Kwenye injini, dada. Kwani yanakwenda wapi kwingine?"

"Usinijibu kihuni. Barabara zile zile, mzigo ule ule. Tulikuwa tunatumia lita kumi na tatu kwa kilomita mia. Sasa kumi na tano. Hizo mbili anakunywa nani?"

"Gari limezeeka."

"Limezeeka kwa mwezi mmoja?"

Mama akapita kama upepo mpaka mbele, akainama, akavuta dumu la lita tano chini ya kiti cha dereva. Alilinusa. Lilinuka dizeli.

"Na hili?"

"Hilo ni la dharura. Dereva yeyote wa safari ndefu anabeba dumu," alisema Mjomba, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda. "Dada, unaniambia nini hasa? Sema tu."

Mama aliwaamuru waende gereji.

Fundi wa gereji alikuwa mzee mfupi mwenye ovaroli iliyosahau rangi yake ya kwanza. Alifungua filta ya hewa, akaikung'uta, akairudisha. Alikagua nozo zinazopuliza dizeli kwenye injini, akapapasa mipira ya mafuta kutafuta pa kuvujia, akainua gurudumu moja moja kuona kama breki zinashika. Kila kitu kilikuwa kizima.

"Imebaki tairi tu," alisema, akijipangusa mikono. "Tairi ikipungua upepo inakuwa nzito kuviringika. Injini inahangaika kuiburuta, na mafuta yanakwisha. Si umewahi kusukuma baiskeli yenye gurudumu laini? Basi ndiyo hivyo. Na hizi za magari mazito kuta zake ngumu, kwa macho zinakudanganya."

Alinyoosha mkono kuchukua geji yake. Mama akamzuia.

"Hapo usijisumbue, fundi. Hizo zinapimwa kila siku." Akafungua daftari na kumwonyesha kurasa, hamsini na sitini, hamsini na sitini, mwezi mzima bila kuruka siku.

Fundi alimtazama Chiriku kwa heshima. "Mtoto huyu? Ningekuwa na vijana wawili wa namna hii ningelala usingizi. Basi, mama, tairi hazina kesi."

Ikiwa tairi hazina kesi, na injini haina kesi, anabaki nani? Wote wawili walimgeukia Mjomba. Yeye alikuwa ameegemea mlango wa Kobe, amekunja uso.

"Daftari la mtoto silibishii," alisema taratibu. "Najua anafanya kazi yake. Lakini mimi sijaiba hata tone."

Hapo ndipo Chiriku alipoelewa. Alifungua mdomo, na mdomo ule usiokaukiwa maneno ukakauka. Alimwona Mama alivyovimba kwa hasira, akajiambia, nikisema sasa hivi atanichuna ngozi. Nitasema baadaye, akishapoa.

Mama hakupoa. Jioni ile ile alimpigia simu mama yao, yaani Bibi yake Chiriku, na alizungumza kwa sauti ya kusudi ili Mjomba asikie. "Mama, huyu mwanao ananiibia mafuta. Ndiyo, huyo huyo uliyeniambia nimchukue. Anayanyonya usiku anauza. Gari limekaguliwa, ni zima." Chiriku alikuwa anaosha vikombe. Aliosha kikombe kimoja mara tatu.

Siku tatu zilizofuata ndani ya Kobe hazikuwa za kukaa watu. Mama aliuvaa ufunguo wa kifuniko cha tangi shingoni. Mjomba alikula nje, amekalia ndoo, na sahani yake aliiosha mwenyewe. Wakipishana kwenye kile kijia chembamba kati ya vitanda, kila mmoja aligeuza bega asimguse mwenzake. Wateja wakija, Mama aliwachekea. Wakishuka tu, uso unajifunga.

"Dereva, twende," aliagiza. Hakusema tena "mdogo wangu."

"Twende, bosi," alijibu Mjomba, na neno hilo alilitema.

Na Chiriku je? Chiriku alinuna kuliko wote. Mjomba akimsemesha alimjibu kwa mkato, akimwonea hasira kana kwamba kosa ni lake yeye kwa kumwamini. Ndivyo tunavyokuwa tukimkosea mtu. Kila asubuhi alichukua daftari, akaandika hamsini, akaandika sitini, maana aliogopa kwamba namba zikibadilika ghafla Mama atauliza.

Siku ya nne waliegesha kwenye kituo cha mafuta cha mji mwingine. Kijana mmoja aliyevaa kofia alikuwa anawasubiri, mikono mfukoni. Alikuwa dereva mpya. Mama hakumwambia Mjomba mapema. Alimwonyesha tu kwa kidole.

Mjomba alimtazama yule kijana, akamtazama dada yake, kisha akaingia ndani kukusanya nguo zake. Miaka kumi na minne alikuwa ameendesha malori makubwa bila doa. Aliacha lori lake kuja kumsaidia dada alipobaki peke yake na mtoto. Sasa nani atampa usukani dereva aliyefukuzwa na dada yake wa tumbo moja kwa wizi wa mafuta? Hofu hiyo alikuwa ameisema mwenyewe jana yake, akiiambia ndoo, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumsikiliza.

Alishuka na begi lake. Mguu mmoja ukiwa bado kwenye kidaraja cha mlango, aligeuka.

"Chiriku. Endelea na kazi yako ya tairi. Huyu mpya asikuzembeshe. Hiyo kazi inaokoa maisha ya watu."

"Mjomba, usishuke!"

Sauti ilimtoka mpaka mtu wa pampu akageuka.

"Sijapima! Tairi sijazipima! Mwezi mzima sijazipima, namba zote nimetunga!"

Mama alikuja polepole. "Umesema nini?"

"Nilikuwa nanakili, Mama. Nilibadilisha kalamu ili usijue."

Mama hakungoja. Alichukua geji, akapiga magoti kwenye lami iliyojaa oili akiwa na gauni lake la kazi, akapima mwenyewe. Mbele, thelathini na nne. Nyuma, thelathini na nane. Akapima tena, kama mtu anayetaka geji ijirekebishe. Haikujirekebisha.

"Wewe!" alisema alipoinuka. "Mimi kazi yangu ni nini? Si kupima? Nikimwandikia mtu namba za macho bila kumpima, akavaa miwani hiyo akaporomoka kwenye ngazi, nitamwambia nini? Kwamba nilibadilisha kalamu? Na pale gereji ulikuwepo! Ulisikia fundi anasema nini! Ukanyamaza, ukaniacha nimuite ndugu yangu mwizi!"

Chiriku alimkimbilia Mjomba, akamshika mkono. Mjomba akautoa.

"Usinishike," alisema. "Bado."

Dereva mpya aliona hapo hapamfai. Aliondoka bila kuaga.

Mjomba aliweka begi chini. "Sirudi kwenye usukani kwa huruma ya mtu," alimwambia dada yake. "Tutajaza tairi. Tutajaza tangi mpaka shingoni. Halafu tutaendesha kilomita mia moja, wewe umekaa pembeni yangu, ufunguo wako shingoni, na tutajaza tena. Mashine itasema. Na tukishamaliza, yale maji ya paani tupunguze nusu. Kila mji tunaokwenda una bomba, tunabeba bwawa la nini?"

Chiriku alikanyaga pampu. Hakuna aliyemsaidia, na pale kituoni palikuwa na mashine ya upepo iliyolala tu. Mama alikataa isiguswe. Tairi ya kwanza, ya pili, jasho likamwingia machoni. Ya tatu akalia. Ya nne akaacha kulia kwa sababu pumzi haikutosha kwa mambo mawili. Mama alipima kila moja nyuma yake, na mara mbili alimrudisha.

Walijaza tangi mpaka shingoni, wakaenda kilomita hamsini na kurudi hamsini. Waliporudi kwenye pampu ile ile ya mafuta, Mama alifungua kifuniko kwa ufunguo wake, na wote watatu wakakodolea macho kioo cha mashine. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Dizeli ikafika shingoni na mashine ikasimama kwenye kumi na tatu.

Mama aliuvua ufunguo shingoni, akamwekea mdogo wake kiganjani.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Tumezaliwa wangapi kwetu, dada?" aliuliza Mjomba.

"Wawili."

"Wawili. Na uliamini karatasi, ukaacha kuniamini mimi." Kisha akamgeukia Chiriku. "Na wewe sikiliza. Mtu akinisingizia kwa mdomo, naweza kubishana naye. Wewe uliniandikia. Mwandiko haubishiwi. Nilisimama pale gereji sina hata wa kubishana naye, na bado nikakutetea."

Chiriku alitazama chini. "Nifanye nini, Mjomba?"

"Mama yako alimpigia nani simu?"

Mama ndiye aliyepiga tena, akaweka sauti ya nje ili wote wasikie. Alianza yeye, akakiri kosa lake bila kujipamba, kisha akamsogezea binti yake simu. Chiriku aliishika kwa mikono yote miwili.

"Bibi, shikamoo. Mjomba hakuiba. Ni mimi. Sikupima tairi, nikaandika kwamba nimepima. Nilijua, Bibi, na nikanyamaza siku tatu."

"Marahaba," alisema Bibi. "Umesema kweli, nashukuru. Ila ujue, mjukuu wangu, siku hizo tatu sikutoka nje. Niliona haya mbele ya majirani kwa ajili ya mtoto niliyemzaa na kumlea mwenyewe. Nilikaa nikijiuliza nilimkosea wapi. Kweli yako nimeipokea, lakini siku zangu tatu huwezi kunirudishia. Ndiyo maana kweli husemwa siku ile ile. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Bibi."

"Haya. Sasa mpe mwanangu simu."

Chiriku alimpa. Mjomba aliipokea, akaenda nayo nyuma ya gari, na walimsikia akisema, "Mama, sasa toka nje ukawasalimie majirani."