Ufunguo wa Sanduku Jekundu

Wenzangu mnaoshinda na grisi mikononi, nanyi mnaoishi nao nyumba moja, sogeeni karibu. Nina habari za fundi mmoja wa magari, na nikianza kumkaripia katikati ya maneno mnistahimilie, maana mtu huyu tunampenda.

Watu walimwita Taratibu, kwa sababu hakuwahi kukaza nati kabla hajaipangusa. Gereji yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba: paa la mabati, sakafu ya saruji, na dirisha moja lililotazamana na chumba ambamo mkewe alishona nguo. Asubuhi cherehani ililia ndani na nyundo ikalia nje, nao wakataniana kupitia dirishani bila yeyote kuacha kazi yake.

Zana zilikaa kwenye ubao mpana uliopigiliwa ukutani. Kila spana ilikuwa na msumari wake, na nyuma yake fundi alikuwa amechora umbo lake kwa rangi ya buluu, ili ikitoka pengo lionekane. Ncha ya kila chombo nayo aliipaka buluu. Ubao ulikuwa na sheria moja tu: ukichukua chombo, unatundika kitu chako mahali pake mpaka ukirudishe. Jirani wa ukuta kwa ukuta, mchomeleaji wa mageti aliyeitwa Cheche, alikuwa akiingia bila hodi, anachukua anachotaka na kuacha glovu yake ya ngozi, ile iliyoungua vidole. Waliishi hivyo miaka kumi na mmoja.

Kisha Ijumaa moja spana namba kumi haikuonekana.

Nyinyi mafundi mnaijua namba kumi. Ndiyo inayotumika kuliko zote, na ndiyo inayopotea kuliko zote. Siku ile Taratibu alikuwa amefunga betri kwenye gari jeupe la mwalimu. Mwalimu alipokwisha kuondoka, pengo likabaki ubaoni. Fundi akapekua sakafu, mifuko ya ovaroli, hata pipa la taka. Ndipo akakumbuka kwamba mchana Cheche aliingia kuchukua tindo.

"Glovu yake iko kwenye msumari wa tindo," mkewe alimwambia kutoka dirishani. "Angechukua na namba kumi, angeacha na glovu ya pili. Kwani ana mkono mmoja?"

"Mwizi haachi glovu."

"Basi nenda kamuulize."

"Kikulacho ki nguoni mwako," fundi akasema, na kuuliza hakuuliza. Alikwenda kushtaki. Alisimama mlangoni kwa Cheche mbele ya wateja wawili, akamtaka arudishe spana ya watu. Cheche alizima mashine, akavua miwani ya kuchomelea, akawageukia wateja wake. Jioni tindo ilikutwa kizingitini, imefungwa kwa karatasi safi, na ile glovu haikuwapo tena ukutani.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angejiuliza kidogo. Lakini dhana ikishapata kiti, huomba na mto. Wiki iliyofuata Taratibu na mkewe walikwenda duka la zana kuchagua sanduku.

Yalikuwepo ya kila aina. La mbao la kubeba mkononi, la bati lenye ngazi mbili, la chini lenye magurudumu na juu yake wazi, na mwisho kabisa jekundu, refu kufika kifuani, lenye droo saba na kufuli moja linalozibana zote kwa pamoja. Dada muuzaji aliijua kazi yake. Alimwuliza fundi anafanya kazi amesimama au amelala chini, na ni zana gani anazozigusa mara nyingi kwa siku. Alieleza kwamba droo nzuri huteleza hata zikiwa zimejaa, na kwamba sanduku refu lisiruhusu droo zote kufunguka kwa wakati mmoja, lisije likampindukia mtu. Vitu vya kushikilia gari, alisema, jeki na stendi, hivyo havina haja ya sanduku. Vikae pale gari linapokaa. Mke wa fundi alisikiliza, akavuta droo moja moja, akaelekeza kidole kwenye lile la chini lililo wazi.

Fundi aliuliza swali moja tu. "Hili jekundu likifungwa, mtu anaweza kulivunja?"

"Kaka, hilo ukipoteza ufunguo utalia mwenyewe."

Dada aliisema kama onyo. Yeye aliisikia kama sifa, akalichukua.

Funguo zilikuja mbili, akazitia zote kwenye kamba moja na kuivaa shingoni. Mkewe aliomba mmoja ukae kwake, likitokea la kutokea. "Ukiwa nao wewe utamwazima mtu," alimjibu. Mkewe hakubishana. Alirudi kwenye cherehani akafunga dirisha, na tangu siku hiyo alilifungua kwa ajili ya mwanga tu.

Ubao ukateremshwa. Kila kitu kikaingia ndani ya sanduku, hata stendi za kuegemeza gari na jeki ya akiba, vyote droo ya chini. Sasa fundi akitaka bisibisi, avute kamba, afungue, achukue, afunge. Akienda kunywa maji, afunge. Mteja akisogea, afunge. Kazi ya saa moja ikawa ya saa mbili, na kwa kuwa alichoka na sanduku lake bila kukubali kwamba amechoka, akaanza kuacha baadhi ya vitu humo humo. Kwanza ilikuwa miwani ya kukinga macho, kisha glovu, na mwishowe stendi. Fundi aliyekuwa hakazi nati bila kuipangusa akawa anaingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, jeki ambayo tangu wiki iliyopita ilikuwa ikivuja mafuta. Mungu amsamehe.

Miezi miwili ikapita hivyo. Jumatano moja kabla ya adhuhuri gari jeupe la mwalimu lilirudi, linagonga mbele kila likipita shimo. Bushi, zile raba za kwenye vyuma vya magurudumu ya mbele, zilikuwa zimekwisha. Taratibu akaliinua, akatoa gurudumu, akaliacha limelala ovyo, nusu ndani ya uvungu na nusu nje, kisha akajisukuma chini kwa mgongo.

"Umeweka stendi?" mkewe aliuliza kutoka ndani.

"Dakika mbili tu natoka."

Sanduku lilikuwa hatua sita kutoka alipolala, nalo limefungwa.

Jeki ilishuka polepole kwanza, kama mtu anayekaa kitini, halafu ikashuka yote. Ubavu wa gari uliangukia lile gurudumu, na hilo ndilo lililomwachia roho. Chuma kilichobaki kilitua kifuani pake. Pumzi ilimtoka, nyingine ikakataa kuingia ila kwa vipande vidogo. Na katika mshtuko ule kitu kilianguka kutoka juu ya kava la injini, kikalia kwenye saruji kando ya sikio lake. Aligeuza macho, maana shingo haikugeuka.

Ilikuwa spana. Ncha yake ilikuwa ya buluu.

Namba kumi ilikuwa imeshinda miezi miwili juu ya kava lile, chini ya boneti, mahali alipoiweka yeye mwenyewe siku ya betri, ikitembea na mwalimu kwenda kazini na kurudi. Aibu ilimbana pamoja na lile gari, na sijui kipi kilikuwa kizito zaidi. Sauti hakuwa nayo. Mkono wa kulia tu ulikuwa huru, basi akaikamata spana ile ile aliyomtukania mtu, akaanza kugonga sakafu.

Cherehani ilinyamaza.

Mkewe alipoingia hakupiga yowe. Alipiga magoti, akaona, akasema neno moja: ufunguo. Fundi akagusa shingo yake. Mkewe akapenyeza vidole, akaipata kamba, akavuta. Funguo zote mbili zilikuwa zimelaliwa na chuma juu ya mbavu zake. Kikulacho ki nguoni mwako, na siku hiyo kweli kilikuwa nguoni.

Mkewe aliliendea sanduku. Nyundo ilikuwa ndani, mtaimbo ndani, msumeno ndani. Akaokota tofali. Taratibu alisikia pigo la kwanza, la pili, la tano, tofali likapasuka, na kufuli halikutikisika. Sanduku lilikuwa imara kweli. Kisha alisikia kandambili za mkewe zikikimbia nje, akajua zinakwenda wapi, na akaogopa kuliko alivyoogopa gari. Kwa haki gani Cheche angekuja?

Ng'ambo ya ukuta mashine ya kuchomelea ilikuwa ikinguruma. Ikazimwa. Kukawa kimya. Akavuta kipande cha pumzi, akavuta kingine, kidogo zaidi. Halafu akasikia vishindo vya miguu ya watu wawili.

Cheche aliingia na bomba refu la chuma begani na gogo mkononi. Hakumsalimu mtu. Alipachika bomba chini ya ubavu wa gari, gogo likiwa egemeo, akamwambia mke wa fundi ashike ovaroli kwa nguvu zote mabegani.

"Shemeji, nikisema vuta, usimtazame usoni. Wewe vuta."

Akalilalia bomba kwa uzito wake wote. Gari likanyanyuka kimo cha ngumi.

"Vuta."

Mbavu tatu zilivunjika, na hospitali walisema ameponea chupuchupu. Siku ya kwanza aliyoweza kutembea, Taratibu hakwenda gereji. Alikwenda mlangoni kwa Cheche, akasubiri mpaka wateja wawepo, akafungua kiganja chenye namba kumi.

"Nilikuita mwizi mbele za watu. Nakuomba radhi mbele za watu."

Cheche aliitazama ile ncha ya buluu. "Nimekusamehe," alisema. "Lakini ungeniuliza."

Siku hizi ubao umerudi ukutani, stendi ziko wazi sakafuni, na lile kufuli Cheche mwenyewe alilikata kwa ombi la mwenye sanduku. Ufunguo mmoja mke wa fundi anafungulia kopo la rangi. Dirisha liko wazi na utani umerejea. Hata glovu iliyoungua vidole huonekana msumarini mara moja moja. Ila kuna jambo ambalo halikurudi. Cheche haingii tena moja kwa moja. Husimama nje, kwenye jua, anabisha hodi kama mgeni, na anasubiri mpaka akaribishwe.

FUNDISHO

Ndugu zangu, sanduku la zana huchaguliwa kwa kazi utakayoifanya, si kwa watu unaowashuku. Kinacholinda uhai usikitie kufuli, na ufunguo usiukalie peke yako. Chombo kikipotea, anza kutafuta ulipopita wewe. Kisha, kabla hujamshtaki jirani, muulize. Spana ikipotea itanunuliwa nyingine, lakini mtu wa kuingia kwako bila hodi hauzwi dukani.