Mkono wa Chuma Uliopapasa Hewa

Profesa alikuwa kifudifudi kwenye sakafu ya maabara, kisogo kimevunjika. Juu yake mkono wa chuma, mrefu kuliko mlango, ulisimama kimya kama mtoto aliyevunja sahani.

"Roboti kaua mtu!" Koplo alinong'ona. "Mkuu, pingu tutamfunga wapi? Ana mkono mmoja tu."

Inspekta hakucheka. Tangu aanze kuchunguza vifo, hajapata kuona mshukiwa anayetumia umeme.

Mwenye roboti alikuwa mwanafunzi wa uzamivu, binti ambaye siku hiyo hiyo angetetea tasnifu yake. "Mkono ni wangu, Afande. Lakini kupiga sikuufundisha."

"Mwongo!" Mpwa wa marehemu, msaidizi wa maabara, alifoka. "Kaniulia Mama Mdogo! Kanilea, kanisomesha, leo kauawa na bati la huyu! Mfungeni!"

Inspekta akamgeukia binti. "Mkono huu unafundishwaje?"

"Mtu anavaa glavu hii yenye nyaya. Anachofanya yeye, mkono unaiga na kukumbuka. Ukiwashwa, unarudia somo la mwisho."

"Lote?"

"Hata ukipiga chafya, Afande."

"Uwashe."

Koplo alishafika chini ya meza.

Maiti ilipokwisha kuondolewa, wakaweka ndoo ya bati pale alipoangukia. Binti akabonyeza kitufe kwa mbali. Mkono ukanguruma, ukapanda, ukasita. Kisha vidole vya chuma vikajikunja kwa ndani, vikapapasa hewa taratibu kushuka chini. Mara moja. Mara mbili. Halafu, kishindo! Ndoo ikawa sahani.

"Jamani," Koplo akasema huko huko chini ya meza, "mbona kama babu anayefikiri huku akipapasa ndevu?"

Macho yakamhamia Mpwa. Mkono wake ulikuwa kidevuni, unateleza juu ya ndevu zake nene. Akaushusha kama aliyeungua.

"Binti, una ndevu?" Inspekta aliuliza.

"Sina, Afande."

"Marehemu je?"

"Hana."

Inspekta akaigeuza glavu. Kwenye mshono wa kidole gumba akachomoa, kwa kibano, unywele mfupi uliojikunja. "Wataalamu wa uchunguzi watasema ni wa nani. Au utasema wewe, kijana?"

Mpwa akamnyooshea binti kidole.

"Alitaka kumwachia maabara huyu! Huyu wa kuja! Mimi niliyekulia humu, nikichezea skrubu wenzangu wakicheza mpira, nibaki kukunja nyaya?"

"Ndipo ukamuua aliyekulea."

"Sikumtegea yeye!" Sauti ilipasuka. "Anayewasha kila asubuhi ni binti huyu. Anawasha, anainama pale, anatega sikio asikie kama mota inakwaruza. Sote tulifundishwa hivyo na Mama Mdogo. Nilijua ataingia huyu!"

Inspekta akamtazama binti.

"Profesa alinipigia simu nisiwahi kuja," binti akasema. "Akaniambia, 'Leo unatetea, mwanangu, pumzika. Mota nitaisikiliza mimi.'"

Inspekta mwenyewe alitafuta kiti.

Koplo akamfunga Mpwa pingu, akamwongoza nje. Mlangoni Mpwa akasita. Mikono yake miwili ikapanda pamoja, ikapapasa ndevu. Mara moja. Mara mbili.

Binti akafumba macho, akingoja kishindo.