Chokoleti Iliyotoka Jasho

Jumamosi ya mwisho wa mwezi supermaketi ilifurika watu, na mikono miwili ikafika kwa pamoja kwenye pakiti ya mwisho ya korosho. Mmoja ulikuwa wa msichana wa gauni la njano, muuzaji wa duka la dawa. Mwingine ulikuwa na mafuta ya mashine kwenye kucha.

"Chukua, dada," alisema mwenye kucha. "Mimi nilitaka kutafuna tu. Wewe una kazi nazo."

"Umejuaje?"

"Umezikamata kama umekamata mwizi."

Msichana akacheka bila kupenda. Hadi wanafika kwa keshia alikuwa amekwisha kumwambia yote: kwamba akitoka kazini huyeyusha chokoleti juu ya maji ya moto, akaitandaza kwenye trei, akainyunyizia korosho na lozi, na ikiganda huivunja kwa mkono vipande visivyolingana. Aliviita magome. Naye akajua kwamba kijana ni fundi friji mwenye karakana nyuma ya soko, na kwamba akicheka, hucheka na mabega.

Simu zikaanza: ya asubuhi kuulizana kama wameamka, ya mchana kuulizana kama wamekula. Baada ya miezi mitatu hata shangazi, aliyemlea msichana na kuishi naye, alikuwa amemzoea Fundi, ingawa kwa magome hakukubali. Magome aliyoyajua yeye yalichemshwa yakanywewa kama dawa ya tumbo.

Kisha mama mwenye mkahawa mkubwa wa mtaani akasema aletewe sampuli Jumamosi. Akizipenda, ataagiza trei sita kila wiki. Msichana hakupata usingizi. Fundi alikuja Ijumaa kumtia moyo, akamwoshea vyombo, akaondoka akipiga mbinja.

Asubuhi trei iliingia kwenye friji, ikatoka imekakamaa vizuri. Akavaa sketi yake nyeusi ya heshima na blauzi nyeupe, akatembea juani na boksi kifuani. Mkahawani alipofunua, moyo ukamshuka. Magome yalikuwa yametoka jasho. Matone yalitambaa juu ya korosho, na chokoleti imepauka madoa. Mama mkahawa aligusa kipande, akafuta kidole kwa leso.

"Rudi nayo ikiwa tayari, mwanangu," alisema kwa upole, na upole huo ukauma kuliko tusi.

Alimpigia Fundi akiwa bado barabarani, analia.

"Nitakupigia," alisema Fundi, akakata.

Hakupiga. Siku ya kwanza msichana alimtetea. Siku ya pili alimkasirikia, na ya tatu akaamini: huyu alipenda vitamu, vilipochacha amekimbia. Shangazi alisema mtu humjui mpaka siku ya mvua, kisha akamkaangia mayai.

Siku ya nne aliamua kujaribu tena. Alipofungua friji, baridi ikampiga usoni kama kofi. Aliinama. Kidude cha kuongezea na kupunguzia baridi kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho kabisa. Sasa, kidude kile kilikatika mwaka jana. Hakizunguki ila kwa koleo, na nyumba ile haikuwa na koleo. Ijumaa aliingia mtu mmoja tu mwenye koleo mfukoni.

Akaenda karakanani akiwa bado na aproni yake. Alimkuta Fundi katikati ya mafriji yaliyofunguliwa matumbo, ameinamia jiko dogo, na mashavu yana chokoleti. Mezani palikuwa na trei tatu: moja imeungua, moja imeingia maji ikawa kama udongo, na ya tatu inang'aa.

"Ni mimi," alisema Fundi kabla hajaulizwa. "Niliiona friji imechoka, nikaiongezea nguvu ili ikusaidie. Kumbe kitu kikitoka kwenye baridi kali kikakutana na joto, hutoka jasho. Mimi fundi mzima najua hilo, na sikulifikiria. Nikaona aibu. Nilitaka nije na dawa."

"Nauza dawa kutwa, Fundi. Nilitaka mtu."

Akainamisha kichwa. "Nisamehe. Nilinyamaza ulipokuwa unanihitaji."

"Ukikosea, uniambie siku hiyohiyo. Hata kama hujui la kufanya."

"Siku hiyohiyo," alisema, na mabega yakashuka kama ya aliyetua mzigo.

Msichana akavunja kipande cha trei ya tatu, akaonja. Korosho zilikuwa nyingi kupita kiasi. Akala kipande cha pili.

Jumamosi walikwenda wote, yeye na gauni la buluu, Fundi na shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Mama mkahawa alivunja gome, likalia ka! Akatafuna akiwa amefumba macho, akaagiza trei sita. Kisha akamtazama aliyebeba boksi kama mtoto mchanga.

"Na huyu ni nani?"

"Mchumba wangu," alisema msichana.

Boksi liliponea chupuchupu kuanguka mikononi mwa Fundi. Barabarani Fundi alisimama ghafla.

"Umesema mchumba?"

"Nimekosea?"

"Hapana. Wiki nzima natafuta pa kuanzia."

"Basi nimekupunguzia safari," alisema, akamshika mkono. "Iliyobaki ni ya kwa shangazi, na hiyo utakwenda mwenyewe."