Bandeji kwenye Mguu Mzima

Kila alfajiri, kabla ya masomo, Clemmon Battle alichochea makaa kwenye tanuri la kupasha joto majengo ya chuo chake, huko Ohio, Marekani. Kazi hiyo ilimlipia ada. Jioni alicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia nao mikononi, na hakuna aliyemfikia kwa mbio. Katika timu nzima mweusi alikuwa yeye tu. Bweni halikupokea weusi, kwa hiyo alipanga kwa Mama Tolliver, mjane aliyefulia watu nguo.

Alhamisi moja ya mwaka 1938, Kocha Rudd alimwita ofisini akafunga mlango. Timu ya kutoka majimbo ya Kusini ingefika Jumamosi, nayo ilikuwa imeandika barua kwamba haitacheza na mtu mweusi. Bila kumtazama usoni, kocha alimwomba aseme ameteguka mguu, ili wageni wasiudhike wala chuo kisiaibike. Daktari wa timu akamfunga bandeji kwenye kifundo kisicho na hata mkwaruzo. Clemmon aliogopa kufukuzwa masomoni, akakubali.

Ijumaa hakutulia kabisa. Alichechemea darasani, akachechemea bwaloni. Nahodha wao, Harlan, alimbebea vitabu huku akimpa pole, na kila pole ilimchoma. Akikaa anasimama, akisimama hajui aende wapi. Jioni, alipofika nyumbani, alijisahau akapanda ngazi mbilimbili.

"Clem, mwanangu," Mama Tolliver aliita kutoka jikoni, "ule mguu mbovu umeuacha wapi?"

Akamweleza yote. Mama Tolliver aliendelea kupiga pasi, uso ameukunja. Alisema hatamwamulia, ila ndani ya nyumba yake hakuna atakayechechemea kwa uongo.

Jumamosi, wenzake walipokuwa wakivaa, Clemmon aliingia akafungua bandeji mbele yao.

"Sijaumia," alisema. "Niliambiwa nidanganye kwa sababu wageni hawataki mweusi. Nikawadanganya na ninyi. Nisameheni."

Harlan alimgeukia kocha, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Basi na mimi nimeteguka, Kocha. Clem asipocheza, sichezi."

Akavua viatu. Wengine wakavua pia, isipokuwa wawili. Kocha Rudd akatoka kwenda kuzungumza na wageni, huku watazamaji wakizomea kucheleweshwa kwa nusu saa nzima. Wageni walikuwa wamesafiri siku mbili kwa treni, hawakutaka kurudi bila kucheza. Mwishowe walikubali, wamenuna. Clemmon alitukanwa, akakanyagwa vidole, na bado akaufikisha mpira mstari wa mwisho na kufunga mara mbili.

Siku ya pili Kocha Rudd alikwenda kwa Mama Tolliver kumwomba Clemmon radhi. Mama Tolliver alimpa kiti kwanza.

"Kumkataa ilikuwa aibu ya wageni, Kocha," alisema. "Bandeji ilikuwa aibu yenu." Kisha akamgeukia Clemmon. "Na wewe, mwanangu, usikubali tena kujifanya mgonjwa ili mwenye kosa aonekane mzima."