Beirut Kupitia Dirisha la Jikoni

"Sharmarke, hili neno linamaanisha nini?"

Matheka aliweka simu juu ya kaunta. Sharmarke, mwenye duka la misumari na gundi linalotazamana na karakana ya Matheka pale Kariobangi, akavaa miwani.

"Habibti. Ni Kiarabu. Ndivyo wanavyomwita mtu wanayempenda. Lakini hata..."

Matheka hakuingoja hiyo lakini. Alikuwa ameshainyakua simu na kutoka.

Simu ilikuwa ya Triza, mchumba wake. Kwao Kayole stima ilikuwa imepotea tangu jana, akamwachia aichaji karakanani. Meseji ikaingia yenyewe, kwa Kiingereza cha kuunga-unga: "Habibti, chumba kiko tayari. Aprili mji wetu ni mzuri. Nakungoja. Nadim."

Harusi yao ilipangwa iwe Desemba.

Matheka alijua kwamba Triza aliwahi kufanya kazi ya nyumba Beirut, Lebanon, miaka mitatu. Zaidi ya hapo hakujua kitu. Kila alipouliza, Triza alimuuliza kama ameshiba.

Alimkuta Triza dukani mwake akishona sare za shule kwa cherehani ya miguu, akamwekea simu mbele.

"Nadim ni nani?"

Triza akasimamisha gurudumu kwa kiganja. Hakushtuka.

"Ni mzee wa mboga."

"Mzee wa mboga anakuita mpenzi?"

"Anamwita kila mtu hivyo. Hata paka wake."

"Na hicho chumba?"

"Ni cha kulala nikienda. Narudi Beirut, Matheka. Wiki mbili tu."

"Kufanya nini?"

"Kuiona."

"Si ulikaa huko miaka mitatu?"

"Niliiona kupitia dirisha la jikoni. Ghorofa ya tano, na mlango ulifungwa kwa ufunguo. Bahari niliiona katikati ya majumba mawili, upana wake kama hiki kitambaa. Sijui hata inanukaje."

Matheka alikuja na hasira na alitaka kubaki nayo, ila swali likamponyoka.

"Sasa mboga mlinunuaje?"

"Kwa kikapu. Nakiteremsha kwa kamba, Nadim anaweka nyanya, nakivuta. Akawa ananifundisha maneno kutoka huko chini. Watu wakitupita wanacheka."

Alivuta droo, akatoa daftari. Ndani kulikuwa na ramani aliyoichora kwa penseli, imefutwa na kuchorwa tena.

"Hapa kuna kengele ya kanisa. Niliisikia kila asubuhi, kanisa lenyewe sijawahi kuliona. Hapa ni adhana. Huku, nimesoma, kuna nguzo za Warumi zimesimama katikati ya mji, watu wanapita kando yake wakienda kazini. Nilikuwa karibu nazo kama hapa na steji ya matatu, Matheka. Nataka nizipite na mimi."

"Na ulitokaje?"

Triza akanyoosha kola ya sare iliyokuwa mapajani.

"Siku moja niliteremsha karatasi badala ya orodha ya mboga. Nimeandika, nisaidie. Kikapu kilipopanda kilikuwa na mnanaa, na chini ya mnanaa simu yake mwenyewe. Nikampigia dada yangu Asenath, akahangaika na ofisi iliyonipeleka mpaka nikatolewa. Gari ilinichukua chini ya jengo hadi uwanja wa ndege. Nadim hakuwepo, ila namba yake nilibaki nayo. Uso wake siujui. Namjua kipara tu, kutoka juu."

Matheka akakaa kwenye benchi la wateja.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikaribia. Pasaka, tulipokuwa kwenu. Mama yako akasema mwanamke aliyetoka Uarabuni hawezi kuwa amerudi mzima. Nikakuangalia. Ulikuwa unakula. Ukaendelea kula."

Matheka alikumbuka. Alikumbuka hata kilichokuwa kwenye sahani. Siku ile alijiambia kwamba ananyamaza kwa heshima ya mzazi.

Akatoa simu yake, akampigia mama yake, akaweka spika.

"Mwaitu, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu. Kuna nini?"

"Pasaka ulisema neno juu ya Triza, nikanyamaza. Nilikosea. Neno lile silikubali, na naomba lisirudiwe kwetu."

Upande wa pili walisikika kuku tu.

"Yuko hapo?"

"Yuko."

"Mpe simu."

Triza akaipokea kwa mikono miwili.

"Habari, mama."

"Triza, mwanangu, mdomo wangu ulitangulia akili. Nisamehe. Kwani huko walikufanya nini?"

Triza akashusha sauti.

"Ni hadithi ndefu, mama."

"Basi njoo Jumamosi. Huyo mwache huko huko. Njoo peke yako."

Simu ikakatika. Triza akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa, kisha akacheka kidogo. Matheka alikuwa ameshalivuta daftari.

"Hii kengele hulia asubuhi tu?"

"Na jioni."

"Na hizi nguzo, mtu anaweza kuzigusa?"

"Sijui. Ndiyo maana naenda."

"Pasipoti huchukua muda gani kutoka?"

Triza akamgeukia.

"Ukiomba wiki hii, utaipata kabla ya Aprili."

Akachukua simu yake, akaandika huku Matheka akisoma begani mwake: "Tunakuja wawili." Nadim akajibu papo hapo: "Huyo wa pili ni nani?"

"Mume wangu," Triza akaandika.

"Bado hatujaoana," Matheka akasema.

"Basi usichelewe Desemba," Triza akamjibu, akabonyeza kutuma.