Mume Wangu Hakuwa Akikimbia!

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mkulima wa kahawa, mama wa watoto watatu… hapana, wawili. Mnisamehe, ulimi wangu bado unakataa hesabu mpya.

Naishi wilaya ya Mbinga. Mji wenyewe sitautaja, kwa sababu waliofanya haya ninayoyasimulia nakutana nao sokoni kila wiki. Wengine tunapeana mkono wa amani kanisani! Hebu fikirini… mkono ule ule ulioshika jiwe.

Mume wangu, Baba Agatha, alikuwa zimamoto. Mkisikia zimamoto msidhani nazungumzia kikosi. Kikosi kilikuwa yeye na dereva, basi! Wenzake walihamishwa, wengine wakastaafu, na nafasi zao hakuletwa mtu. Leo yuko Ngaka anakagua karakana za malori ya makaa ya mawe, kesho ameazimwa wilaya ya jirani, yuko Mbamba Bay anazunguka kwenye nyumba za wageni ufukweni, keshokutwa anahitajika Litembo. Na moto ukiwaka popote, mkaguzi huyo huyo ndiye anatakiwa ageuke kuwa mzimaji. Nilizoea kumtania kwamba ameoa wilaya nzima, mimi ni nyumba ndogo tu. Alikuwa anacheka, lakini alikuwa amekonda.

Nina kaka mmoja, Osmund, mkubwa wangu, tumenyonya ziwa moja. Mungu alimjalia, akajenga nyumba ya ghorofa pale barabarani. Chini, upande wa mbele, aliweka duka. Nyuma ya duka ilikuwa stoo ya kahawa. Juu alimpangisha mwalimu wa cherehani aliyefundisha wasichana kushona, na binti yangu wa kwanza, Agatha, alikuwa mmoja wao. Ngazi ya kutoka juu iliteremka hadi mlango wa nyuma.

Sasa, kwetu msimu wa kahawa ndio msimu wa wezi. Ukianika wanakuja, ukifungia stoo wanakuja. Kaka akamwita fundi wa kuchomelea, akauziba ule mlango wa nyuma kwa nondo. Hazikuwa na kufuli wala bawaba, zilichomelewa moja kwa moja ukutani! Juu madirishani, nondo vilevile. Watu walipita wakisifu, eti hiyo ndiyo nyumba ya mwanamume. Wasichana wakawa wanapanda na kushuka kwa kupitia dukani.

Mume wangu alipouona mlango ule alikasirika sana. Nilikuwepo. Alimwambia, "Shemeji, hii si nyumba, ni mtego wa panya. Zikate hizo nondo leo."

Kaka alicheka. "Subiri kahawa iende kwenye chama cha ushirika, shemeji. Unataka watoto wangu wale nini?"

Baba Agatha akaandika amri, akasema atarudi kuhakikisha. Lakini angerudi saa ngapi? Lori liliungua Ngaka, akaenda. Ziwani kibanda cha kuuzia petroli kililipuka, akaenda. Kila alipoukumbuka ule mlango, alikuwa mbali. Na kitu kingine hakukijua: Kaka alikuwa akiuza petroli ya bodaboda kwenye chupa, na shemeji yake akija, madumu yanafunikwa kwa magunia!

Siku ya siku ilikuwa Jumamosi mchana. Nilikuwa sokoni nachagua usipa, wale dagaa wetu wa ziwani, nikasikia mlipuko. Nilipogeuka, duka la kaka yangu lilikuwa linatapika moto barabarani.

Nilikimbia nikaacha na kandambili. Juu, wasichana walikuwa wameshika nondo za madirisha kwa mikono miwili wakipiga mayowe. Nilimwona Agatha wangu. Aliniona. Akaita "Mama!" mara moja, kisha moshi ukamfunika.

Ndugu wasomaji, mmewahi kumwona mwanao ndani ya moto na nyinyi mko nje mmesimama? Msiombe.

Umati ulikuwa umejaa, watu wamepandwa na hasira hawajui wampe nani. Ndipo gari la zimamoto likaingia. Mume wangu aliruka chini kabla halijasimama. Dereva ilibidi abaki kwenye pampu, maana bila yeye maji hayatoki. Na ule mpira wa maji, ukijaa, unahitaji wanaume wawili kuushika. Mume wangu alikuwa mmoja! Nilimwona akiutazama mpira, akatazama juu kwenye madirisha… Alikuwa na mwili mmoja na kazi mbili. Kama angekuwapo mwenzake hata mmoja tu, mwanangu angekuwa hai leo.

Akauacha mpira. Akachomoa mtarimbo garini, akakimbia kuzunguka nyumba. Mimi nilijua anakokwenda. Mlango wa nyuma!

Na kaka yangu alijua pia.

Sauti ikapasuka katikati ya watu: "Anakimbia! Zimamoto anakimbia! Wamekuja bila maji! Mkamateni!"

Ilikuwa sauti ya Kaka Osmund.

Watu wakafumuka kama siafu. Kioo cha gari kikapasuliwa kwa mawe, dereva akatolewa kwa ukosi wa shati, pampu ikazimika. Wengine walimfuata mume wangu nyuma. Nilisikia mtarimbo ukigonga zile nondo, kisha ukaacha; nilipofika walikuwa wamekwisha kumwangusha. Walimpiga kwa magongo, kwa matofali, kwa mateke. Mtu mmoja ninayemfahamu, baba wa watu, aliunyakua ule mtarimbo akampiga nao gotini, nikasikia mfupa ukilia! Mwingine alimkanyaga usoni. Damu ilitoka jichoni, si puani, jichoni! Naye alikuwa anajikokota kwa viwiko kuelekea mlangoni, anasema, "Wako humu… niacheni, wako humu…" Nani alisikia?

Nilimlalia. Nikapigwa teke la mbavu mpaka pumzi ikakatika. Nilidhani tunakufa wote wawili pale chini.

Aliyetuokoa ni Mama Zuhura, mjane mwenye duka la vitenge upande wa nyuma, ambaye wazee wake walitoka Kilwa. Yeye alikuwa dirishani kwake na aliona kila kitu. Alitoka bila hata viatu, akasimama juu yetu na mchi mkononi.

"Niueni mimi kwanza, mahayawani nyie!" alipiga kelele. "Mtu anavunja mlango, nyie mnamvunja miguu? Sikilizeni humo ndani!"

Wakanyamaza. Na katika ule ukimya tukasikia… ngo, ngo, ngo. Wasichana walikuwa wanagonga mlango kwa ndani.

Kuna mwanaume alitupa gongo lake akaanza kulia kama mtoto. Wengine walirukia nondo kwa mikono mitupu, zikawaunguza. Dereva wa lori la makaa ya mawe aliyekuwa akipita alirudisha gari kinyumenyume, wakafunga mnyororo, akavuta. Nondo zikang'oka na kipande cha ukuta. Wasichana wengine walitoka wakikohoa. Wengine walitolewa.

Agatha wangu alitolewa.

Hospitalini alikaa siku chache. Ngozi ilikuwa imekwisha mikononi, sikuwa na pa kumshika. Siku ya mwisho aliniita, akaniuliza kwa sauti iliyobaki kidogo sana. Alisema, "Mama, nilimsikia baba anagonga kwa nje. Nikawaambia wenzangu msilie, baba amefika… Mbona aliacha?"

Ningemjibu nini? Nilisema baba alichoka kidogo. Akafumba macho, na hakuyafumbua tena.

Mume wangu hakumzika mwanawe. Alikuwa kitandani kwenye wodi nyingine, mguu umefungwa vyuma, jicho moja limetolewa.

Baada ya matanga ukoo uliitisha sengu. Ndivyo sisi Wamatengo tunavyoita kile kikao ambacho wenye damu moja hula pamoja na kumaliza mambo yao. Kaka Osmund alilia sana mbele ya wazee. Alisema alichanganyikiwa, alidhani kweli shemeji anakimbia, ilikuwa hasira tu. Wazee wakanigeukia. Baba mdogo akaniambia kwa upole, "Mwanangu, damu ni nzito kuliko maji. Haya tuyamalizie hapa hapa."

Nilimwamkia shikamoo kwa mara ya pili, akaitikia marahaba, kisha nikaomba niulize swali moja tu.

Wote mle ndani tunamjua kaka yangu. Toka tukiwa wadogo, akikasirika Kiswahili humtoka chote. Akigombana na mkewe ni Kimatengo, na siku ng'ombe wake alipoibwa alilia kwa Kimatengo njia nzima.

Nikamwambia, "Kaka, siku ile ulikuwa na hasira. Mbona ulipiga kelele kwa Kiswahili?"

Umati wa mjini ni Wanyasa, Wangoni, Wamanda, wafanyabiashara wa pwani. Alichagua lugha ya kueleweka na wote! Alichagua maneno, ndugu zangu. Mtu aliyechanganyikiwa hachagui. Alijua mume wangu akifika kwenye zile nondo, kila mtu ataona kwamba ni nondo zake zilizowafungia wale wasichana, na hasira itamgeukia yeye.

Baba mdogo aliinamisha kichwa. Mimi nikainuka, ugali wao nikauacha, nikaenda moja kwa moja polisi. Kikulacho ki nguoni mwako! Leo kaka yangu yuko ndani anasubiri kesi. Upande wa kwetu hawanisalimii, na mama yangu mzazi amesema nisimzike. Hilo nalo nimelimeza.

Wasomaji, nawasihi. Kama umefunga mlango wa nyuma kwa sababu ya wezi, ondoka hapo ulipo ukaufungue sasa. Kama umeokota jiwe, uliza kwanza huyu anakimbilia wapi. Na nyinyi mnaopanga watumishi, mnaosema wilaya yetu ni ya wakulima haina haja ya zimamoto wengi… njooni muone kaburi la mwanangu, liko kwenye kahawa zetu, juu kidogo ya njia.

Juzi mkaguzi mpya alikuja nyumbani kumjulia hali mume wangu. Kijana mwenye adabu, akaamkia, akakaa kwenye mkeka. Baba Agatha alimtazama kwa jicho lake moja, akamuuliza, "Mmeletwa wangapi?"

"Niko peke yangu, mzee."

Mume wangu alinyoosha mkono akagonga meza kwa vidole… ngo, ngo, ngo… halafu akaacha.